Shingo Ikiuma, Chunguza Unavyokaa

Mama mmoja fundi wa cherehani hapa Uthiru alinijia kliniki akiwa amemeza tembe za kutuliza maumivu kwa miezi mitatu. Kila jioni shingo ilimkaza, maumivu yakateremka hadi mabegani, na sasa tumbo nalo lilikuwa limeanza kumchoma kwa ajili ya tembe hizo. Hofu yake ilikuwa moja: akiacha kushona, karo ya watoto itatoka wapi?

Nilimpima nikaona mikono ina nguvu zake kamili. Kisha nikamwomba anionyeshe anavyoshona. Akainama hata kidevu kikakaribia kugusa kifua. "Mama, hukaa hivyo kwa muda gani?" "Toka asubuhi hadi giza liingie, daktari."

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, sawa na pakiti mbili na nusu za unga wa ugali. Kikikaa wima, mzigo huo hubebwa na pingili 7 za shingo. Kikiinamishwa mbele, misuli ya nyuma hulazimika kukivuta kisianguke. Jaribu mwenyewe: shika pakiti ya unga karibu na kifua, kisha nyoosha mkono mbele. Unga ni ule ule, lakini mkono huchoka upesi.

Fundi huyu hayuko peke yake. Kuna karani anayeinamia kompyuta, mwanafunzi anayesomea kitandani, na abiria anayetazama simu toka Uthiru hadi mjini huku matatu ikikwama Waiyaki Way. Yafaa ikumbukwe kuwa hata mkao mzuri huumiza ukikaliwa saa nyingi bila kujinyoosha. Wasiwasi na kukosa usingizi pia huzidisha maumivu.

Fanya mazoezi haya nyumbani mara mbili kwa siku, polepole, bila kujilazimisha:

1. Keti wima ukitazama mbele. Rudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Hesabu hadi 5, kisha achilia. Rudia mara 10.

2. Vuta mabega nyuma kana kwamba unataka mifupa ya mgongoni igusane. Hesabu hadi 5. Rudia mara 10.

3. Laza sikio kuelekea bega bila kuinua bega. Hesabu hadi 20, kisha ugeukie upande wa pili. Rudia mara 3.

4. Weka kiganja kwenye paji la uso, usukume kichwa mbele huku mkono ukikizuia kisisogee. Hesabu hadi 5, mara 5. Fanya vivyo hivyo kisogoni na kila upande.

Kukazwa kidogo ni kawaida. Zoezi likileta maumivu makali, kizunguzungu au ganzi, liache. Lala kwa mto mmoja usio mrefu mno, na usilale kifudifudi. Usikubali kinyozi akuzungushe shingo ghafla mpaka ilie: ni nadra, lakini mshipa unaopeleka damu ubongoni unaweza kuchanika ukaleta kiharusi.

Kuna hali ambazo hazingoji mazoezi. Nenda hospitalini mara moja ikiwa shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo ikiwa maumivu yameanza baada ya ajali, mikono au miguu imelegea, unapepesuka, mkojo hauzuiliki, au maumivu yanatoka kifuani. Maumivu yasiyokuachia usiku huku ukikonda pia yachunguzwe mapema. Kifua kikuu huweza kuingia katika mifupa ya uti.

Yule fundi nilimwachisha tembe, nikamtibu tumbo, nikampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe mazoezi. Nyumbani aliinua meza ya cherehani kwa vipande vya mbao, na kila nusu saa akawa anasimama kujinyoosha. Wiki ya kwanza alilalamika kuwa haoni tofauti. Baada ya wiki sita alirudi akiwa bado anashona, na shingo ikimuuma siku chache tu kwa mwezi.

Basi msomaji, usikate tamaa mapema. Misuli iliyochoka kwa miaka haipati nguvu kwa siku mbili.