Vita vya Kagera: sheria ilisemaje?

Swali: Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalimng'oa Idi Amin, mtawala wa Uganda. Je, yalikuwa na haki kisheria, au kimaadili tu? Msomaji, Kampala.

Jibu: Amin alipoivamia Kagera, nchini Tanzania, mwaka 1978, Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda, hilo halina ubishi. Ugumu unaanza pale jeshi lilipovuka mpaka na kuuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na baadhi ya marais walimlaumu Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania. Lakini OAU hiyohiyo ilimpa Amin uenyekiti mwaka 1975, hapohapo Kampala, huku Waganda wakiuawa! Kwangu mimi, Mwalimu alitenda haki. Sheria ndiyo iliyochelewa. Ibara ya 4(h) ya mkataba wa 2000 ulioanzisha Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU, sasa inauruhusu Umoja, si nchi moja moja, kuingilia kati kukiwa na mauaji ya kimbari.