Kuokoka Hadi Ploti Ijue: Vidokezo 8

Kayole, Nairobi, Jumapili asubuhi, huwezi kusema umekosa kanisa. Toka Junction hadi Masimba, mabati haya yana spika, ghorofa ile ina kwaya, na juu ya duka la simu ibada ya pili imepanga foleni kwenye ngazi ikisubiri ya kwanza itoke. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Ingekuwa kuokoka ni kuhudhuria tu, geti la ploti lisingehitaji kufuli.

Basi mtu aliyebadilika kweli anajulikanaje? Ploti ndiyo inayojua. Jaribu haya.

1. Jisomee mita

Watu wa Soweto Kayole wanalijua jina hili. Muongo mmoja hivi uliopita kampuni ya maji ya Nairobi ilileta huko mfumo wa Jisomee Mita: mteja anasoma mita yake mwenyewe, anatuma tarakimu kwa simu, analetewa bili yake. Hasomi ya jirani.

Moyo nao usomewe hivyo hivyo. Jumamosi jioni kaa dakika kumi na daftari. Wiki hii nimemdanganya nani? Nimemnunia nani? Nimekula pesa gani isiyo yangu? Andika majina na kiasi. "Bwana nisamehe yote" ni bili isiyo na tarakimu. Hata wewe hujui unalipia nini.

2. Waulize wanaokuona bila suti

Mchungaji hukuona saa mbili kwa wiki, nguo zimepigwa pasi. Mkeo, mumeo, watoto na jirani mnayegawana naye bomba na kamba ya nguo hukuona siku zote, hata stima ikipotea na hasira ikipanda. Waulize swali moja: "Tangu niokoke, mmeona nini kimebadilika?" Kisha nyamaza. Usijitetee, usinukuu aya. Wakikujibu kwamba siku hizi unaomba kwa sauti kubwa zaidi, basi, kazi bado unayo.

3. Rudisha vya watu

Mwaka 2024 jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mti, lilisikika sana katika barabara za Nairobi, kwa hasira za kodi. Wengi wetu tulibaki na ule mti wake tu. Lakini soma Luka 19 hadi mwisho: Zakayo aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na yeyote aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Afrika Mashariki ilishaona hayo kwa macho. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka, na mwaka 1937 ukaingia Kenya. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Kilichowashangaza majirani ni kwamba watu hao walikuwa wakibisha hodi mchana kweupe kurudisha walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana.

Wewe una nini cha watu? Diposti ya mpangaji uliyoikalia? Pesa ya chama? Chenji ya abiria aliyeshuka kwa haraka? Pesa iliyoingia kwenye simu yako kwa makosa ukazima laini? M-Pesa ipo tangu 2007, kwa hiyo usiseme mwenyewe yuko mbali. Kama deni ni kubwa, nenda ukapange kulipa kidogo kidogo. Hilo nalo ni ibada.

4. Okoka pamoja na kazi yako

Katika Luka 3 watu walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia wahamie jangwani. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asizidishe. Askari asipore watu, atosheke na mshahara wake. Kila mmoja alipewa jibu la kazini kwake.

Tuliletee Kayole jibu hilo: konda wa matatu namba 1960 asipandishe nauli kwa sababu ya matone mawili ya mvua. Fundi aseme ukweli kuhusu siku nguo itakapokuwa tayari. Mwenye ploti arekebishe choo kabla ya kuongeza kodi. Mwajiri amlipe dada wa nyumbani mwisho wa mwezi, bila kukumbushwa.

5. Punguza spika

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, lakini usingoje afisa aje. Ukuta wa pili kuna mama aliyejifungua juzi na kijana mwenye mtihani kesho. Kesha ya Ijumaa inaweza kufika mbinguni bila kupitia dirishani kwao.

6. Tafuta wawili watatu wa kutembea nao nuruni

Hayo ni maneno ya wazee wa uamsho: kutembea nuruni. Walikutana mara kwa mara, wakaitana ndugu bila kuulizana kabila, na dhambi waliitaja kwa jina lake. Ushirika huo ulijaribiwa vikali miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau. Wengi wao katika nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo, na walikataa pia kushika silaha za serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Mtu hasimami hivyo kwa nguvu za kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili.

Chagua wachache wenye vifua vya kutunza siri. Wape ruhusa ya kukuuliza kuhusu pesa, simu na ndoa yako. Kuhusu kamari pia, maana vidole vingi vinavyofungua Biblia kwenye simu ndivyo vinavyoweka beti. Na sharti moja: kila mtu akiri dhambi zake, asikiri za mwenzake.

7. Mfuate Kristo, usimfuate mtu

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Taifa zima lililia, na funzo lake lisizikwe. Popote unapoabudu, jiulize: naweza kuuliza swali bila kuitwa mwasi? Hesabu za sadaka zinasomwa? Nikiugua, nitaombewa na kupelekwa hospitali, au nitaambiwa imani yangu ni ndogo? Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali na Kayole. Sala na dawa hazijawahi kugombana.

8. Usivundike tunda

Kila mnunuzi wa embe analijua lililovundikwa kwa haraka: nje manjano tupu, ndani ukakasi. Paulo, akiwaandikia Wagalatia, aliorodhesha upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine hadi tisa, akayaita yote tunda la Roho, moja. Huwezi kuchuma furaha ya Jumapili ukaacha kiasi Jumatatu. Na tunda halikui kwa kupigiwa kelele.

Kwa hiyo usikate tamaa ikiwa hasira ya miaka ishirini haikutoka kwa ibada moja. Mwaka jana ulitukana kila siku; mwaka huu umetukana mara mbili, na mara zote mbili ukarudi kuomba radhi. Hayo ni mabadiliko. Ukianguka, inuka, urudi kidokezo cha kwanza, usome mita tena.

Vidokezo vyote nane usivianze leo, vitakushinda kabla ya Jumatano. Anza na kimoja, tena kile cha karibu. Leo jioni, kabla hujapiga magoti, pita kwa mama mboga. Jina lako liko kwenye daftari lake. Lipa, mshukuru kwa kukuvumilia, halafu nenda ukaombe.