Nikipiga Magoti Nasinzia

Swali: Mchungaji, natoka alfajiri kuwahi daladala, narudi usiku nimechoka. Nikianza kuomba nasinzia. Nifanyeje?

Jibu: Mpendwa, soma Nehemia sura ya 2. Mfalme Artashasta alipomuuliza haja yake, Nehemia, mnyweshaji wake, aliomba kimoyomoyo, kisha akaitaja: ruhusa ya kwenda kujenga Yerusalemu, barua za njiani, miti ya malango. Lakini sala ile fupi ilikuwa na mizizi. Sura ya 1 yaonyesha alikwisha kufunga, kulia na kuomba siku nyingi.

Fanya yote mawili, sala fupi na ndefu. Kabla ya kujibu ujumbe uliokuudhi, mwombe Mungu kwa pumzi moja. Siku ya mapumziko, zima simu, ukae naye nusu saa. Usingizi ukikushinda, usijihukumu: Zaburi ya 127 yauhesabu kuwa zawadi ya Mungu.