Homoni baada ya kukoma hedhi: vidonge au plasta?

Swali: Je, homoni zote za kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku baada ya kukoma hedhi ni salama kwa kiwango kimoja?

Jibu: Hapana. Estrojeni ya vidonge hupitia kwenye ini na kuongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Ya plasta au jeli ya ngozi, kwa dozi ya kawaida, haionekani kuiongeza. Mwenye mji wa mimba huhitaji projesteroni pia, kwani estrojeni peke yake huweza kuleta saratani ya mji huo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kuhusu homoni hizi uliwaogofya wengi juu ya saratani ya matiti, lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye mdogo zaidi, chini ya miaka 60, faida kwa kawaida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hashauriwi kuzitumia.