Wanyama Wanusavyo, na Mbung'o wa Mito Yetu

Ndugu wanafunzi, nanyi mliosoma hapa zamani, nataka kueleza kidogo habari za kunusa. Harufu ni chembe ndogo sana zichukuliwazo na hewa, na kila mnyama huzipokea kwa njia yake. Mbwa huzivuta kwa pua. Nyoka huzikusanya kwa ulimi wake wenye panda, akazipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Mbu na nzi hawana pua. Hunusa kwa vipapasio vya kichwani. Tena nguvu hazilingani: mwanadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vya harufu, ndovu anazo karibu 2,000.

Kwetu Arua na Koboko somo hili lina maana kubwa, kwa kuwa mbung'o wa mtoni ndiye aletaye malale, ugonjwa ambao humwua mtu asipotibiwa.

Mbung'o wa mbugani hufuata harufu ya pumzi na mkojo wa ng'ombe. Huko Zimbabwe wataalamu waliweka harufu hizo penye mitego, nao wakanaswa wengi. Lakini mbung'o humwepuka kuro kwa harufu yake. Basi wataalamu wa ICIPE, Nairobi, wakaiiga harufu hiyo na kuitia katika vichupa vya kuvikwa ng'ombe shingoni.

Mbung'o wetu ni wa ukoo mwingine. Harufu humsaidia kidogo tu. Huongozwa zaidi na macho, na rangi ya buluu humvuta. Kwa hiyo, tangu mwaka 2011, kandokando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko viliwekwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa, upana sentimita 50, kimo sentimita 25, bila harufu yo yote. Mbung'o akigusa wavu hufa. Kazi hiyo, pamoja na kupima watu na kuwatibu, ilizaa matunda: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo kubwa tena la afya katika Uganda.

Basi dawa ya mbugani haikufaa mtoni, mpaka tabia ya mbung'o wetu ilipojulikana. Lakini yeye mwenyewe angalipo. Kwa hiyo nawasihi: ukienda kuteka maji ukaona kitambaa cha buluu, usiking'oe, na mdogo wako mweleze sababu.