Jukwaa la Nyanya

Nyuma ya nyumba yetu hapa Nakuru mvua ya Aprili hugeuza vumbi kuwa tope. Nyanya aliteleza hapo, akateguka mguu. Mimi na kaka tukanunua paleti kuukuu, tukazilaza udongoni. Mchwa wakazila zote!

Mara ya pili tulijua. Kabla ya kulipa, tazama muhuri ubavuni: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto; MB zilipigwa gesi ya sumu, hizo wacha kabisa. Tuliziinua juu ya mawe, tukapaka oili chafu upande wa chini tu. Paleti moja tuliibomoa, mbao zake zikaziba mapengo, maana mkongojo wa nyanya ungenasa. Siku hizi hukatia sukuma hapo.