Mashua ya Rimoti: Ikizimika Katikati ya Bwawa, Nani Ataifuata?

Somo letu la leo ni kuunda mashua ndogo ya umeme inayoendeshwa kwa rimoti. Najua wengine mtasema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri. Hata mzee mmoja wa kamati yetu aliniuliza, "Sasa mwalimu, pesa za kikundi zinanunua vidude vya kuchezea?" Nilimjibu kwamba kijana akimaliza kuunda chombo hiki atakuwa amegusa useremala, kulehemu nyaya, mambo ya betri na hesabu ya kuelea, yote katika kitu cha sentimita 60. Mzee alinyamaza, lakini sidhani alikubali.

Nianze na makosa yetu. Mashua ya kwanza tuliipeleka kwenye silanga, lile bwawa la udongo la kunyweshea ng'ombe. Ilikwenda vizuri kama mita 30 hivi, ikazunguka mara moja, halafu kimya. Tukibonyeza hivi, tukibonyeza vile, wapi! Kabla sijafungua mdomo, kijana wa miaka 14 alikuwa amevua shati na kuingia majini. Hajui kuogelea. Maji yalipomfika kifuani, tope likamshika miguu. Wenzake wakubwa walimtupia kamba ya ng'ombe wakamvuta, akatoka akitetemeka na huku akicheka. Mimi sikucheka. Baada ya saa moja hivi upepo uliileta mashua ukingoni wenyewe, bila mtu kuifuata. Usiku huo sikupata usingizi.

Tulipoifungua tulikuta maji karibu vikombe viwili ndani, na risiva imelowa. Kwa hivyo nitawaeleza jinsi tulivyounda ya pili, na nitakaa zaidi pale ambapo ile ya kwanza ilituangusha.

Tuanze na uzito. Kila lita ya maji ambayo mashua inaisukuma kando inabeba kilo moja. Sanduku la sentimita 60 kwa 20, likizama sentimita 5, linasukuma lita 6, basi lingebeba kilo 6. Lakini mashua si sanduku, mbele imechongoka. Chukua theluthi mbili tu, yaani kilo 4. Mbao, betri, mota, rangi, vyote pamoja visipite hapo. Sisi tuliazima mizani ya duka tukapima kila kitu kabla ya kukata mbao. Mara ya kwanza tulikisia tu.

Mwili ni wa plaiwudi: milimita 6 kwa mbavu, milimita 3 kwa kuta. Simamisha mbavu nne au tano juu ya mkuku, zikae wima kabisa, ndipo uzivike kuta. Kuta za kushoto na kulia zigundishwe pamoja, si moja leo na nyingine kesho. Ukivika upande mmoja ukauacha ukauke, mashua hupinda kama ndizi na itakwenda kombo maisha yake yote. Tumia epoksi, ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, kwa sababu gundi nyingi za kawaida za mbao huachia zikikaa majini. Halafu msasa, halafu vanishi mara tatu. Ndani pia, jamani! Vijana hupenda kupaka nje panapoonekana, na huku plaiwudi inakunywa maji kutoka ndani.

Sasa tufike pale maji yalipoingilia. Mota iko ndani na propela iko nje chini ya maji, ile ambayo watu wa pwani huiita rafadha. Kati yao kuna chuma chembamba kinachozunguka ndani ya mrija wa shaba. Mrija ule ni tundu ulilotoboa mwenyewe kwenye mashua yako, na maji yanalijua. Sisi tuliuweka umelala sana, ncha ya ndani ikawa chini ya usawa wa maji, na hatukutia grisi. Ya pili tuliuinua ili ncha ya ndani ibaki juu ya usawa wa maji, tukaujaza grisi nzito mpaka ikatokea upande wa pili, tukazungushia epoksi pale unapopita kwenye mbao. Kila baada ya siku kadhaa za kuendesha, grisi inaongezwa.

Mota na kile chuma lazima viwe kwenye mstari mmoja. Vikipishana hata kidogo tu utasikia kelele kama ya kinu cha posho, na betri itaisha upesi. Zungusha propela kwa kidole kabla ya kufunga mota moja kwa moja. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, fungua uanze tena, usijidanganye eti itazoea.

Kwa umeme, tulitumia betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 6, kama zile za taa za kuchaji. Ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na kwa mashua ya mwendo wa pole uzito huo unasaidia, maana unakaa chini na kuizuia isipinduke. Usiiache ikae bila chaji wiki nzima, inakufa. Kuna betri za lithiamu ambazo ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini zikitobolewa au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake zinaweza kulipuka moto. Sikuziruhusu kwenye bweni, na sitaziruhusu.

Karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri weka fyuzi ya gari ya ampia 15. Majani yakijisokota kwenye propela, mota inasimama huku inavuta umeme mwingi, na hapo heri fyuzi iungue kuliko nyaya. Kutoka kwenye fyuzi umeme unaingia kwenye kidhibiti cha mwendo, kisha mota. Kidhibiti chenyewe kiwe cha ampia nyingi kuliko fyuzi. Mota za brashi hutoa cheche, na cheche huisumbua redio, basi lehemu kapasita tatu za mikrofaradi 0.1: moja kati ya ncha mbili za mota, na moja kutoka kila ncha hadi kwenye bodi ya mota. Propela ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili za mota tu.

Usukani unasukumwa na sevo, mota ndogo yenye mkono. Ukae nyuma ya propela, ambapo maji yanasukumwa kwa nguvu, na usigeuke zaidi ya digrii 35 kila upande. Zaidi ya hapo unafunga breki tu.

Kuhusu redio, jambo hili si geni: Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ya namna hii huko New York mwaka 1898. Rimoti za siku hizi nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo hayapiti vizuri ndani ya maji. Weka risiva juu, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na antena yake isimame juu ya usawa wa maji. Washa rimoti kwanza, halafu mashua. Ukizima, mashua kwanza. Na kama rimoti yako ina nafasi ya kuiamuru mota isimame mawimbi yanapopotea, iamuru. Jaribu kwa kuzima rimoti makusudi, propela ikiwa hewani na vidole vikiwa mbali.

Kabla ya bwawa, kuna karai kubwa. Iache mashua ndani yake saa nzima ikiwa na mzigo wote. Itazame imekaa sawa? Ikilala upande, sogeza betri, usiongeze mawe. Iinamishe kwa mkono uone kama inarudi yenyewe. Kisha panguza ndani kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, hakuna safari. Vijana walikasirika siku ile tuliporudi nyumbani mara mbili kwa ajili ya karatasi. Baadaye, mmoja aishike mashua ukingoni na mwingine atembee na rimoti hatua mia, wakijaribu usukani.

Ndani, mbele na nyuma, tuligundisha ile povu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni mpya. Vyuma na betri vyetu vilikuwa kilo moja na nusu, tukaweka povu lita mbili, sawa na pakiti nne za maziwa za nusu lita. Ikijaa maji, haizami.

Hata hivyo itazimika siku moja. Simama upande ambao upepo unavuma kukuelekea. Kuwe na uzi wa kuvulia uliofungwa mpira wa tenisi wa kurushwa ng'ambo ya mashua na kuvutwa, au kwa bwawa jembamba, kamba ndefu ya watu wawili, mmoja kila ukingo, wakitembea pamoja. Ndani ya maji haingii mtu. Mbali na tope, kuna konokono wa kichocho.

Yule kijana wa miaka 14 sasa ndiye anayeshika uzi. Amenikumbusha zaidi ya mara moja kwamba alijitolea mwenyewe.

Zoezi la kikundi: Mashua yenu ina urefu wa sentimita 80 na upana wa 25, nayo inazama sentimita 4. Ibebe kilo ngapi? Povu lita ngapi zitahitajika kama vyuma vina kilo mbili? Na kwenye bwawa la kwenu, upepo wa alasiri huvuma kutoka upande gani?